Bia kali Barani: shajara ya ndoo tatu

Mei 2024, kabla ya moto kuwashwa

Kazi yangu ni friji. Natengeneza friji na viyoyozi vya hoteli hapa Malindi, na kila mwaka masika yakishika, hoteli nusu hufunga na simu yangu hunyamaza. Mwaka huu ukimya huo nimeupa kazi: kupika bia kali nyumbani, ya asilimia nane kwenda juu. Kwa kulinganisha, Tusker ya kawaida ni asilimia 4.2. Mwenzangu ni mpishi wa hoteli moja ya ufukweni, naye yuko nyumbani mpaka wageni warudi. Yeye ana ulimi, mimi nina vipimajoto.

Hii si chang'aa. Swali hilo nimeshawajibu majirani zangu wa Barani mara tano, kwa hiyo naliandika hapa liishe. Hatukeneki chochote. Ni kimea cha shayiri, maji, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu), hamira na subira, na hatuuzi hata chupa moja.

Vifaa vimekula shilingi 6,000: haidromita (kipimo kinachoelea, namba yake hupanda kadiri sukari inavyozidi) 1,500, chombo cha kubania vifuniko 3,200, vifuniko 200 kwa shilingi 400, na ndoo mbili za lita 30 zenye mifuniko, 900. Kipimajoto ninacho cha kazini. Chupa za nusu lita za rangi ya kahawia tumeziokota na kuziosha. Sufuria la lita 40 ni la mama mkwe, lile la pilau ya harusi, na tumelipata kwa ahadi kwamba litarudi bila harufu.

8 Juni: ndoo ya kwanza, ugali wa shayiri

Kimea kilo tatu na nusu kilifika kwa basi kutoka Nairobi, kikiwa punje nzima. Kosa la kwanza nililifanya hata kabla ya kuwasha gesi: nilikipeleka kinu cha posho. Kijana wa kinu akanusa, akaniuliza, "Mzee, hii ni ngano au ni chakula cha kuku?" Kisha akafanya anachofanya kila siku, akanirudishia unga laini kama wa uji wa mtoto.

Tukautia kwenye maji ya nyuzi 66 jinsi inavyotakiwa. Ndani ya dakika kumi mwiko ulikuwa umesimama wenyewe. Kumbe ganda la punje ndilo chujio. Likibaki zima, maji matamu hupita katikati yake; likisagika, unabaki na ugali. Mpishi alileta kifumbu cha kukamulia tui, tukakamua saa mbili, mikono imebabuka. Yale maji matamu sisi tunayaita togwa, ingawa mabibi zetu wangelikataa jina hilo.

Tulitaka haidromita isome 1.080. Ilisoma 1.052. Sukari nyingi ilibaki kwenye machicha, na kuku wa jirani waliifaidi wiki nzima.

Dawa: kinu cha mkono cha kusagia mahindi, skrubu ikalegezwa. Punje ipasuke vipande viwili vitatu, ganda libaki ganda. Nimeazima cha jirani na sitarudi tena posho.

Hatua nyingine zilikwenda vizuri: kuchemsha saa moja na nusu, hopsi, kupoza, hamira ya kawaida ya bia.

22 Juni: rangi ya kuta

Chumba cha nyuma kina mabati bila dari. Mchana ndoo ilifika nyuzi 31, maana togwa likichacha hutoa joto lake juu ya joto la chumba. Nikaanza vita. Kila asubuhi nilikwenda kwa wauza samaki kununua barafu ya shilingi 150, siku tatu mfululizo, nikiiweka ndani ya karai kuzunguka ndoo. Asubuhi nyuzi 22, alasiri nyuzi 30, na hamira haikujua ni kusi au ni kaskazi.

Bia ilishuka mpaka 1.010. Hesabu tunayotumia ni hii: toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131.25. Hapa inatoa asilimia 5.5. Tukaionja.

Mpishi alitema, akafikiri, kisha akasema maneno yaliyonisaidia kuliko kipimo chochote: "Humu mna makosa mawili, si moja. Moja ni rangi ya kuta. La pili ni hospitali."

Rangi ya kuta ni joto. Hamira ya kawaida ikifanyishwa kazi kwenye nyuzi zaidi ya thelathini hutoa pombe nzito zenye harufu ya tina ya kuchanganyia rangi, na ndizo wengi wanazozilaumu kwa kupasua kichwa asubuhi. Harufu ya hospitali ni klorini ya maji ya bomba, ambayo ikikutana na kimea huleta ladha ya plasta na dawa ya kidonda. Maji ya kisima cha jirani hayana klorini, lakini yana chumvi ya bahari, nayo haifai. Dawa tuliyoipata ni ya bure: maji ya bomba yanalala usiku kucha kwenye karai pana bila kufunikwa, kisha yanachemshwa.

Gharama ya ndoo hii: kimea 980, hopsi 600, hamira 550, nauli ya mzigo 400, gesi 300, barafu 450. Jumla 3,280. Lita nane zote tumezimwaga chini ya mpapai. Mpapai haujasema kitu.

6 Julai: ndoo ya pili, sukari guru

Kusi limekaza na usiku ni nyuzi 22 au 23, hali ya hewa nzuri kuliko zote tunazopata huku. Safari hii barafu hapana. Nimeifunga ndoo kwa gunia lililolowa, chini yake karai la maji, mbele yake feni. Ni akili ya mtungi: maji yakikauka juu ya udongo, yanaondoka na joto. Unyevu wa pwani hauruhusu maajabu, lakini ndoo imekaa nyuzi 24 mchana na 21 usiku.

Mapishi ya lita kumi: kimea kilo tatu, sukari guru gramu 600. Wabelgiji hutia sukari kwenye bia zao kali ili nguvu ipande bila bia kuwa nzito kama uji, na sisi sukari guru ipo sokoni kwa shilingi 200 kilo. Onyo la vitendo: zima gesi kabla ya kuitia. Mpishi alitupa pande zima sufuria likitokota. Lilizama, likagandamana chini na kuanza kuungua, na alfajiri nzima nilikuwa nikisugua sufuria la mama mkwe kwa mchanga na ndimu. Ichuje pia, tulipata nyuzi za gunia na mbawa za nyuki.

Haidromita: 1.081. Tukapeana mikono kama watu waliooza binti.

27 Julai: chupani

Siku ya tano mapovu yalipungua. Nikaihamisha bia kwenye ndoo safi ili itulie na kung'aa. Wiki mbili baadaye kipimo kilisoma 1.032, na baada ya siku mbili kilikuwa palepale. Tukajiambia sukari guru ni nzito, ndiyo maana imeishia juu. Tukatia sukari ya gesi, yaani ile kidogo ya kuifanya hamira itoe gesi ndani ya chupa, gramu saba kwa lita, tukajaza chupa 15 na kuzipanga kwenye kikapu chini ya kitanda cha wageni.

Kila sentensi ya aya hiyo hapo juu ina kosa. Sikulijua hilo bado.

7 Agosti, saa nane za usiku

Mlio wa kwanza niliudhani ni tairi la tuktuk. Wa pili na wa tatu ulinikuta nimeshakaa kitandani. Mke wangu akasema kwa sauti ya chini sana, "Baba watoto, hiyo ni biashara yako." Jirani wa kushoto, mzee mstaarabu ambaye hajawahi kunigombeza, alitoka na tochi na kuuliza ukutani, "Kuna amani huko?" Nikamjibu amani ipo, ni chupa tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi chupa nazo zilale."

Nne zilipasuka. Godoro la wageni lilipenywa na vigae. Mtoto asingekuwa amehamia kwa bibi yake wiki ile, nisingekuwa naandika kwa utani.

Asubuhi nilivaa kofia ya kuchomea vyuma, koti la pikipiki na glavu za ngozi. Nikakifunika kikapu kwa magunia yaliyolowa, nikakiburura nje kwa kamba. Chupa sita nyingine zilipasuka hapo uani kabla ya saa nne. Tano zilizobaki nilizipoza usiku mzima kwenye friji ya mteja (aliyeniachia wiki tatu, msinihukumu), kisha nikalegeza vifuniko kidogokidogo. Baridi huishikilia gesi ndani ya bia, ndiyo maana usijaribu kuzifungua zikiwa na joto.

Nikapima iliyobaki: 1.022. Bia ilikuwa imeshuka pointi kumi ikiwa ndani ya chupa. Kila pointi inayoshuka ni karibu nusu ujazo wa gesi kwa kila ujazo wa bia, kwa hiyo niliongeza kama ujazo mitano juu ya miwili na nusu tuliyoipanga. Chupa ya kawaida ya bia haikujengwa kwa shinikizo hilo.

Sababu tumezichambua na mpishi jioni nzima, tukila mbaazi za nazi:

Hamira ilikaa siku tatu kwenye ofisi ya mizigo yenye joto, ikafika nusu mfu. Hatukulitikisa togwa kulipa hewa, na togwa zito linahitaji hewa nyingi mwanzoni. Kisha nikaihamisha bia siku ya tano, yaani wafanyakazi wengi nikawaacha kwenye mashapo ya ndoo niliyoihama na kuwapa wachache waliobaki kazi ya wote. Gunia na feni zikawapa baridi ya usiku, wakalala. Kitanda cha wageni kiko chini ya mabati, na Agosti ilipoleta siku kadhaa za jua kali, wakaamka. Sukari guru haina hatia kabisa, huchacha karibu yote. Kipimo kilichosimama hakimaanishi bia imekwisha. Huenda imegoma tu.

Gharama: kimea 840, sukari guru 120, hamira 550, gesi 300, nauli 400. Jumla 2,210, ukiacha godoro.

Mke wangu alichukua kikombe cha mashapo ya ndoo ya kwanza kuumulia mahamri, kwa hoja kwamba hamira ni hamira. Yaliumuka vizuri sana. Yalikuwa machungu kama shubiri, kwa sababu ya hopsi. Mbuzi aliyala.

31 Agosti: ndoo ya tatu, mgeni kutoka Norwe

Mwitaliano mmoja niliyewahi kumtengenezea kiyoyozi hupika bia kwao. Nilipomsimulia vita yangu na joto, alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniletea pakiti mbili za hamira inayoitwa kveik. Ni hamira ya wakulima wa Norwe, hii yangu ikiwa ya sehemu za Voss. Wazee wa kule waliikausha kwenye mbao au kitambaa na kuiweka mpaka msimu mwingine wa kupika. Jambo la ajabu ni kwamba inapenda nyuzi 35 hadi 40. Nchi ya theluji imetoa hamira ya Malindi. Mpishi alisema labda nao wanatamani joto.

Kwa hiyo nimegeuza kila kitu. Barafu imetumika kidogo tu, kuteremsha togwa mpaka nyuzi 35 badala ya 20, na hapo peke yake nimeokoa saa mbili. Feni imezimwa. Gunia limetolewa. Ndoo imevikwa blanketi na kuwekwa chumba cha mabati, palepale nilipokuwa nikipakimbia.

Mapishi ya lita 20: kimea kilo sita kwa kinu cha mkono, nyuzi 66 kwa saa moja na robo, sufuria likiwa limefungwa mashuka mazito lisipoe. Sukari guru kilo moja na robo kasoro, imeyeyushwa pembeni na kuchujwa. Hopsi gramu 60 mwanzoni mwa kuchemka, 40 mwishoni. Hamira hii huhitaji chakula cha kutosha, basi dakika kumi za mwisho tulitia kijiko cha hamira ya mkate ichemke na kufa. Ikishakufa inakuwa lishe ya wenzake. Kisha tukalimwaga togwa kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kumi, kutoka juu, kama muuza chai anavyoipoza chai. Hapo ndipo hewa inapoingia. Baada ya hamira kuanza kazi usirudie tena, bia itachakaa.

Kipimo 1.081. Tahadhari kwa mwenye haidromita: nyingi zimetengenezewa nyuzi 20. Ukipima togwa la nyuzi 30, ongeza pointi mbili au tatu.

4 Septemba

Ndoo imefika nyuzi 37 na mpira wa kutolea gesi umepiga chupa ya maji kama ngoma kwa siku mbili. Leo 1.021. Siku nne! Mkono umeniwasha kutaka kuihamisha. Mpishi ameuchukua mpira wa kuhamishia na kwenda nao kwake.

7 Septemba: Mjomba na kata

Mjomba wangu ni mgema, Kakuyuni. Alikuja na kibuyu cha mnazi, akaniuliza ni lipi hilo ninalolifunika blanketi kama mgonjwa. Nilikuwa nje nikimlipa mtu wa maji niliposikia kifuniko kinafunguliwa. Nilimkuta ameshachota, kwa kata ileile iliyokuwa kwenye mnazi wake.

"Tamu kidogo, mwanangu. Ina nguvu. Lakini mbona inakaa mwezi? Letu asubuhi linagemwa, jioni linanyweka, keshokutwa ni siki."

Ndiyo hofu yenyewe, Mjomba. Mnazi una hamira zake na vijidudu vya uchachu kwa mamilioni, ndiyo maana unaanza kuchacha ukiwa bado mtini. Kata moja inatosha kuigeuza siki ndoo nzima. Sikumwambia hivyo. Nilimshukuru, nikamkaribisha kivulini, tukaumaliza mnazi wake kwa mirija, na ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichopika hadi siku ile.

Baada ya hapo nimekuwa nikichungulia kila siku kutafuta utando mweupe juu ya bia. Tumaini langu ni hopsi, kwani uchungu wake huwazuia wengi wa vijidudu hivyo, na pombe ya asilimia nane si nyumba rahisi kwa mgeni.

Wiki ya Maulidi sikupika wala kufungua kitu. Mtaa mzima ulikuwa na wageni, na harufu ya kimea kinachochemka hupita ukuta bila kubisha hodi.

28 Septemba: chupani tena, kwa adabu

Vipimo vitatu, wiki moja kati ya kila kimoja na chenzake: 1.017, 1.017, 1.017. Hakuna utando. Hakuna uchachu. Mpishi amenirudishia mpira. Nguvu, kwa hesabu yetu, ni asilimia 8.4.

Kabla ya kujaza nilichukua glasi moja ya bia, nikatia hamira ya mkate ya kutosha na kuiacha siku mbili mahali pa joto. Kama kungebaki sukari ya kuliwa, kipimo kingeshuka. Hakikushuka. Jaribio hili la kikombe kimoja lingeniokolea godoro.

Sukari ya gesi gramu sita kwa lita, jumla gramu 102 kwa lita 17. Chupa 33 za kioo na moja ya plastiki ya soda, ambayo ndiyo mpelelezi: gesi ikijaa inakuwa ngumu kama jiwe, na unajua hali ya wenzake bila kufungua hata moja. Zote zimelala ndani ya friji iliyokufa, mlango umefungwa kwa kamba. Compressor yake ilikwenda zamani, lakini ukuta wa chuma na sponji utameza vigae vyovyote.

Gharama: kimea 1,680, sukari guru 240, hopsi 1,200, gesi 500, nauli 400, hamira zawadi. Jumla 4,020, yaani kama shilingi 118 kwa chupa, bila kuhesabu ndoo mbili za masomo.

26 Oktoba

Mpelelezi alichukua wiki tatu kuwa mgumu, maana hamira iliyokwisha kuchoka kwenye bia kali hutoa gesi polepole. Tumefungua mbili. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Harufu ya chungwa, ambayo ni tabia ya hiyo hamira, na nyuma yake tende na sukari guru. Povu ni dogo na linaondoka haraka. Rangi ya kuta haipo, hospitali haipo. Kooni kuna joto lililo kali mno kwangu. Mpishi anasema tungoje.

14 Desemba

Hoteli zimejaa, nalala saa tano kwa siku, na wateja wote friji zao zimeamua kufa pamoja. Tumefungua nyingine tatu usiku, tukiwa na Mjomba. Lile joto la kooni limelainika na utende umepanda mbele. Mjomba alikunywa polepole, akauliza kama ile kata yake imesaidia. Mpishi akamwambia imesaidia sana.

Zimebaki 29. Sufuria limerudi kwa mama mkwe. Alilinusa, akaliosha tena yeye mwenyewe mbele yangu.

Mashapo ya ndoo ya tatu niliyatandaza membamba kwenye karatasi ya kuokea, chini ya chandarua, mbele ya feni, na baada ya siku mbili yalikauka na kuvunjika kama biskuti. Nimepata vijiko sita, viko kwenye friza ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyochemshwa. Vitatu ni vya mpishi. Kimea kingine kinakuja Januari, na safari hii nataka kuvunja 1.090.